Wa Mwisho Kwenye Orodha

Binti alipoona jina la mama yake limeporomoka hadi mkiani, alicheka peke yake ukumbini mpaka wagonjwa wakamgeukia.

Jana tu mama alikuwa wa kwanza. Orodha ya wanaongoja figo iliwaweka walio taabani juu na wenye nafuu chini, na programu yake aliiandika binti mwenyewe. Kompyuta ilipima ugonjwa kwa namba yenye desimali, ikaikata ile desimali, namba kamili ikatiwa kwenye kisanduku chake, jina likapangwa. Kisanduku alikifanya kidogo, kisichopokea zaidi ya 32,767, maana mashine za hospitali zilikuwa kuukuu, na aliona hakuna mgonjwa atakayekijaza.

"Wa ngapi leo?" mama aliuliza. Miguu ilikuwa imemvimba kama mito, pete imezama kwenye nyama ya kidole.

"Wa arobaini, mama. Wa mwisho kabisa."

"Kumbe nimepona na sikuambiwa," mama alisema, akafumba macho.

Kitanda cha jirani, cha fundi cherehani aliyekuwa mkiani wiki iliyopita, kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Ameshakwenda zake nyumbani, binti aliwaza.

Saa nne daktari alimvuta pembeni. "Figo imepatikana. Inamfaa mama yako, inamfaa na mwalimu aliye wa kwanza. Orodha inasema mwalimu. Lakini hali ya mama hainipi raha. Sema neno moja tu, nitairuka orodha."

Binti aliitazama orodha. Siku ya kuizindua programu aliapa mbele ya wote kwamba hapa hapiti mtu kwa kujuana.

"Mashine haina mjomba, daktari. Mpe mwalimu. Mama ana nafuu."

Machela ikapita, magurudumu yakilia kwii kwii. Mke wa mwalimu alimshika binti mkono, kisha akaifuata machela.

Alasiri, mwalimu akiwa ameshatoka chumba cha upasuaji, binti aliketi kwenye kompyuta ya wodi, hatua tatu kutoka kitandani. Alifungua faili la mama ili alichape, ndugu zake waone wenyewe namna nafuu ilivyokuja.

Jana: uzito wa ugonjwa 32,714.2, namba kamili 32,714.

Leo: uzito wa ugonjwa 40,000.6, namba kamili, iliyofurika kisanduku na kugeuka hasi, −25,536.

"Wa ngapi sasa, mwanangu?" mama aliuliza.