Walio Tayari kwa Kura

Lukumani alitoka nyuma ya pazia na karatasi yake mkononi, akapita mbele ya wanaume wote, akaenda dirishani kumuuliza mke wake achague picha ya chama gani.

"Ya samaki," Waridi alimnong'oneza kutoka nje. "Wale wanaosema wataondoa pamba ya lazima."

Wanaume wakacheka. Daktari Véronique akatabasamu kwa subira. Ilikuwa Mei 1960, uhuru kutoka kwa Wabelgiji umefika mlangoni, na bingwa huyu wa sheria za uchaguzi alikuwa ameacha chuo kikuu chake Ulaya aje kutazama kama watu wa Kabambare wako tayari kwa demokrasia. Leo aliwafundisha katika ghala la pamba, akitafsiriwa na Hemedi, karani wa serikali. Hemedi alipomwita Mbelgiji, daktari alimsahihisha mara moja. Kwao, alisema, watu walikuwa wakipiga kura kabla Ubelgiji haijazaliwa.

Mafunzo yalikuwa ya wanaume tu, kama sheria ilivyotaka. Wanawake waliruhusiwa kuchungulia.

Somo lilipokwisha na wanaume kuondoka, Waridi aliingia.

"Hemedi, muulize Madamu. Sisi wanamuke, kura yetu iko wapi?"

Daktari alijibu kwa upole, kama anayemnywesha mgonjwa dawa chungu. Mambo haya yanataka muda. Mwanamke kwanza asome, azoee. Kwa sasa, mume wake atamsemea. Hemedi alitafsiri kwa raha zote, maana yeye kura yake alikuwa nayo.

"Pamba walinilimisha," Waridi akasema. "Hakuna mutu aliuliza kama niko tayari."

Hemedi alikohoa. Hayo hakuyatafsiri.

Waridi alikuwa amengoja siku nyingi kuuliza swali lile, na sasa amejibiwa kama mtoto anayelilia kisu. Akajiketisha kwenye benchi la wanaume.

"Haya, nianze kuzoea. Muulize, siku ya kwanza alipopiga kura kwao, mikono ilimutetemeka?"

Daktari alianza kufunga mkoba wake. Alisema kura ni siri.

"Simuulizi alichagua nani," Waridi akasema. "Ninauliza ilikuwa namna gani."

Mkoba ulikataa kufungika. Uso wa daktari ukaiva hadi masikioni, akasema maneno machache ya Kifaransa, chini chini. Hemedi alimwomba ayarudie. Akayarudia.

"Anasema hajui," Hemedi akatafsiri polepole. "Kwao Uswisi, wanamuke bado hawana kura. Wanaume wao wanasema hawajakuwa tayari."

Waridi akasogea, akamwachia yule bingwa nafasi ya kukaa kwenye benchi.

"Ikala, dada."