Jina la Buluu Ukutani

Siku hizi sheria ni moja kwa kila skrini: kiungo ambacho hakijafunguliwa ni cha buluu, kikifunguliwa kinageuka zambarau, na hakirudi tena. Nyumbani kwetu tuna skrini moja tu, ya ukutani jikoni.

Jina la Mwanahawa, aliyekuwa mchumba wa mume wangu, hutokea hapo kila asubuhi kati ya majina ya watu wa mtaani. Tangu niolewe lilikuwa la buluu. Kila siku nililikagua kabla hata ya kubandika chai.

Wifi yangu Sikudhani alinicheka. "Buluu hiyo hapo, wifi. Wivu wa nini tena?"

Lakini nilitaka kujua anafananaje. Leo mchana nikaligusa. Nikamwona mwanamke mnene mwenye mwanya, anacheka. Jina likageuka zambarau.

Mume wangu aliporudi alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Umemfungua wewe?"

"Ndiyo, Baba Chiku. Nisamehe."

Hakukasirika. Uso ulimkunjuka, akavuta kiti karibu na ukuta.

"Usijali, mke wangu. Sasa hata nikimfungua mimi, rangi ni hiyo hiyo. Chakula nifunikie tu, nitakula baadaye."