Jiwe la Njia ya Misafara

Bi Nyamizi, muuza petroli ya chupa, alikuwa bado anamimina kwenye tanki alipoliona jiwe, limefungwa kwa mpira nyuma ya siti ya pikipiki. Mkono ukamruka, petroli ikamwagika.

"Umelitoa wapi hilo, mwanangu?"

"Kule mlimani, bibi, kwenye lile rundo la mawe kando ya njia." Mahanyu, mwenye pikipiki, alikuwa akiifuata njia ya kale ya misafara ya watumwa kuelekea pwani, na alitaka kumbukumbu.

"Mateka akianguka pale akafa, wenzake walikuwa wakimwekea jiwe, wakimwambia asubiri, atakuja mtu kumrudisha kwao. Anayeliinua ndiye huyo mtu."

Mahanyu aligeuka kulitazama jiwe.

"Na kwao ni bara, huko ulikotoka," bibi alisema akirudi nyuma. "Wewe unampeleka pwani. Kulekule walikokuwa wakimpeleka wale waliomteka."

Mahanyu aliigeuza pikipiki, akaielekeza ilikotoka. Hapo ndipo springi za nyuma zilipobonyea, taratibu, na baridi ikamzunguka kiunoni kama mikono ya mtu anayeogopa kuanguka tena.