Kiti cha Mzee Faki

Kwa jina la Mwenye kuumba viwiliwili na kuujua uzito wa kila kimoja.

Mzee Faki alikuwa amepungua unene hata kanzu zake zote zikashonwa upya, lakini moyo wake haujasadiki. Safu za alasiri zilipopangwa, imamu mbele na wazee nyuma yake, mkono wake ulikwenda kwenye kile kiti cha plastiki alichoswalia tangu magoti yalipoelemewa na uzito wake.

"Kanzu umeipunguza, kiti hujakipa talaka?" Mwinyikombo, jirani yake wa safuni, alimtania.

"Je, nikisujudu nisiinuke mbele ya watu?"

"Tutakuinua, bwana. Siku hizi u mwepesi."

Mzee Faki akacheka, akakisogeza kiti ukutani. Ilipofika sijida alishuka, goti kisha goti, hata paji la uso likagusa jamvi. Akaisikia harufu ya ukindu aliyokwisha kuisahau, na machozi yakamtoka kwa raha. Kisha akainuka, bila mkono wa mtu.

Kiti kilibaki ukutani, wazi. Mola amrehemu atakayekikalia, na kuinamisha kwake kichwa akupokee sawa na sijida ya jamvini. Amina.