Sauti ya Pili

"Msemaji ni mmoja," mashine iliandika tena, na Takuma Kuniyoshi akaipiga meza kofi hadi chai ikamwagika.

Wiki nzima kauli ni hiyohiyo. Alikuwa ameilisha akili mnemba mazungumzo ya asubuhi ya Bibi Kamado, mtu wa mwisho kisiwani anayetumia lugha ya wazee nyumbani kwake kila siku. Majirani walimhakikishia: pita pale asubuhi yoyote, utamsikia akiongea na mumewe. Kazi ya mashine ilikuwa kutenganisha sauti mbili, kisha kuyageuza mazungumzo hayo kuwa masomo kwenye programu ya simu, ili watoto wa shule ya kisiwa wajifunzie. Sauti ya Bibi ilitoka safi. Anauliza, kimya. Anacheka, kimya. Anagomba, kimya kirefu, halafu anasema kitu kwa upole kama mtu aliyeshindwa hoja.

"Nimekwambia wako wawili," Takuma aliandika. "Sikiliza vizuri."

Mashine iliomba radhi kwa adabu zote, ikasikiliza upya, ikajibu kwamba msemaji ni mmoja. Adabu hiyo ndiyo iliyomtia hasira zaidi. Mtu mbishi unaweza kugombana naye ukapoa, lakini hii ilikubali kosa kisha ikalirudia.

Akahamishia lawama kwenye kinasa sauti alichompelekea Bibi. Alituma kisiwani cha pili, kisha cha tatu, cha bei mbaya, kinachonasa hata inzi akitua. Bado kimya. Akampigia Bibi simu.

"Bibi, kiweke karibu na mzee, siyo karibu na wewe."

"Mzee!" Bibi alicheka hadi akakohoa. "Ngoja nimwambie unavyomwita. Nimekiweka mbele yake kabisa, mjukuu wangu. Kando ya chai yake."

"Basi mbona hasikiki? Kweli huwa anakujibu?"

"Ananijibu. Asinijibu nimemkosea nini? Ila sauti yake ndiyo hiyo, ya chini. Wanaume wa huku hawapigi kelele ndani."

"Naomba niongee naye mwenyewe."

"Kwenye simu? Yule hajashika simu maisha yake yote. Utajisumbua bure."

Takuma alishusha pumzi. Aliwajua wanaume wa namna hiyo. Baba yake mwenyewe aliweza kumaliza mlo mzima kwa kuguna mara mbili.

Bosi wake, Bi. Aragaki, hakuwa na subira hiyo. "Jumatatu tunakaa na halmashauri ya kisiwa," alisema, amesimama nyuma ya kiti cha Takuma. "Wanataka mazungumzo, mtu na mwenzake. Tukienda na bibi anayejisemesha, kazi inakwenda kwa washindani wetu wa Tokyo, na wale watawapa watoto kamusi ya picha basi. Mtengenezee huyo mume sauti. Mashine itayabuni maneno yake kutokana na ya mkewe. Nani atajua?"

"Bibi atajua."

"Bibi siye anayetulipa, Takuma."

Takuma aligeukia skrini. Bibi yake mzaa mama, mzaliwa wa kisiwa hichohicho, alifariki akimsemesha kwa lugha ile, naye alikaa kando ya kitanda akiitikia kwa kichwa asichokielewa. Hadi leo hajui aliambiwa nini. Jambo hilo lilimuuma, na hakuwa tayari kuona watoto wakifundishwa maneno ambayo hakuna binadamu aliyepata kuyasema.

"Nipe hadi Jumamosi," alisema mwishowe. "Nakwenda kumrekodi mwenyewe. Ikibidi nitamshikia kinasa sauti mdomoni."

"Nenda. Ukirudi mikono mitupu, tunatumia ya mashine."

Bahari ilichafuka na meli ikamtapisha njia nzima. Alishuka gatini akiwa na hasira na mashine, na bosi, na zaidi ya wote na huyu mzee anayeshindwa kufungua mdomo kuiokoa lugha yake mwenyewe.

Bibi Kamado alimpokea mlangoni na aproni yake. Harufu ya wali ilijaa nyumba.

"Umekonda. Kwani huko mjini Naha watu hawali? Vua viatu, ingia."

"Yupo, Bibi?"

"Aende wapi? Tangu alfajiri nimemwambia unakuja. Nimempikia wali wa maharage mekundu, ingawa huwa hamalizi, kilichobaki nakula mimi."

"Leo lazima aongee, Bibi. Nisamehe, lakini asipoongea leo, Jumatatu mashine itamsemea."

Bibi alifuta mikono kwenye aproni. Tabasamu lilikuwa limefutika usoni mwake.

"Imsemee nini? Inamjua?"

"Haimjui."

"Basi njoo umwambie mwenyewe."

Alitangulia ukumbini akiburuta soksi zake, na Takuma akafuata, maneno makali lakini ya heshima yakiwa tayari mdomoni. Bibi akasukuma mlango wa chumba cha ndani, akapiga magoti, akamvuta mkono naye akae chini.

Vinasa sauti vyote vitatu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, taa zao nyekundu zikiwaka, kati ya kikombe cha chai na bakuli la wali uliokuwa ukifuka mvuke. Nyuma yavyo, ndani ya fremu nyeusi, kulikuwa na picha iliyofifia ya kijana mwenye kofia ya mkata miwa, umri wake haujaufikia hata wa Takuma.

Bibi aliwasha udi, akauchomeka kwenye majivu mbele ya picha ya marehemu, akainamisha kichwa.

"Baba Isamu," alisema, "mgeni wako ndiye huyu. Leo paza sauti kidogo, usininong'oneze mimi peke yangu."