Jicho Kali

Kila Kibwana alipobadilisha kitu kwenye programu ya kompyuta ya kugawa maji mjini, alimtumia Shamsa mistari mipya kwa barua pepe, na Shamsa akamjibu mstari kwa mstari: hapa sawa, hapa rudia. Hakuna mwingine aliyesoma. Kisha ofisi ikahamia kwenye tovuti, ambako kila mtu huona kazi ya mwenzake na kuandika maoni chini yake. Shamsa akagoma kwenda huko.

Asubuhi moja aliifungua, kwa kuchungulia tu. Chini ya kazi ya Kibwana alikuta maneno ya Lulua, mfanyakazi mpya: “Kaka, hapa watu wa mlimani watakosa maji.” Na Kibwana amemjibu: “Una jicho kali wewe. Ahsante.”

Shamsa aliusoma mstari ule wa programu akiomba Lulua awe amekosea. Hakuwa amekosea. Roho ikamuuma. Yeye hajawahi kuambiwa ana jicho kali.

“Dada Shamsa, umeingia huku hatimaye?” Kibwana aliuliza kutoka meza ya pili. “Tuandikie na wewe.”

“Nitakuandikia.”

Akafunga tovuti, akafungua barua pepe, akalieleza kosa lilelile kwa maneno yake, kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua. Akatuma. Simu ya Kibwana ikalia mezani. Hakuitazama. Alikwishavuta kiti hadi kwa Lulua, na vichwa vyao viwili vilikuwa vimeinamia kioo kimoja cha kompyuta.