Karata Iliyoitwa Mgeni

Nuru alikuwa ametua ndoo yake ya unga kwenye bariyeri, kizuizi cha askari katika njia ya Baraka kwenda Fizi, akingoja wachote fungu lao, pale askari mmoja kati ya waliokuwa wakicheza karata alipoitoa turufu, ile inayokula nyingine zote.

Hakuipiga kwa kishindo kama wanaume wote wanavyoipiga. Aliilaza kifudifudi, akaisukuma katikati kwa kidole kimoja, taratibu, akasema, “Mugeni amefika. Mumupishe.” Ndipo akaifunua.

Nuru akawasogelea. Baraka nzima alimjua mtu mmoja tu aliyeicheza turufu hivyo: mume wake, aliyetoka asubuhi kwenda Lulimba, mwaka jana, asirudi.

“Baba,” akasema, “hii muchezo, nani alikufundisha?”

“Muzee moya wa Baraka,” askari akajibu, angali akicheka ushindi wake. “Muvuvi. Tulikaa naye siku tatu, kule njia ya Lulimba. Alitukula sisi bote!”

“Na siku ya ine?”

Kicheko kikakatika. Kwa mara ya kwanza askari akamtazama usoni. Kisha akaokota karata moja moja, akakaa akizilinganisha kingo juu ya goti, ingawa zilikuwa zimekwisha kulingana.

Mwenzake alikuwa tayari amezamisha bakuli ndani ya ndoo.

“Rudisha unga wa mama,” yule wa karata akamwambia, bila kuinua macho. “Mumupishe.”